Alizeti Mbele ya Zahanati

Mtaani walimwita Timazi, kwa jina la kile kipande cha chuma ambacho mafundi hukining'iniza kwenye uzi ili kujua kama ukuta umesimama wima. Alikuwa fundi wa vigae, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mrefu, mchache wa maneno, mwenye sugu magotini nene kama kisigino. Bafu alilolitandika yeye halikutuamisha maji. Kwa sababu hiyo wenye nyumba walivumilia kisirani chake, maana akikuta kigae kimekwenda kombo hata kwa unywele, hagusi chai mpaka kikae sawa.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Wazazi wao walipofariki, Timazi alikuwa darasa la sita. Akaacha shule, akaenda kumbebea mchanga fundi wa jirani, na mdogo wake akasoma. Jambo hilo halikuzungumzwa kati yao. Lilikuwepo tu, kama nguzo katikati ya chumba, kila mtu akipita kando yake.

Kazi iliyowakutanisha ilianza na tope. Mbele ya zahanati palikuwa na uwanja ambao kila mvua iliponyesha, wajawazito waliuvuka wakiwa wamepandisha nguo hadi magotini. Kamati ya mtaa ikaomba watu watoe vigae vilivyobaki na sahani zilizovunjika, na Timazi akakubali kuvitandika. Yeye alitaka mistari. Mdogo wake akaja kwenye kikao na kichwa cha alizeti kilichokauka, akakiweka mezani, akawaonyesha jinsi mbegu zilivyojipanga kwa mizunguko, mingine ikielekea kulia, mingine kushoto. Akasema siri yake ni ndogo: kila mbegu hujitenga na iliyoitangulia kwa pembe ile ile, digrii mia na thelathini na saba na nusu, ndiyo maana hakuna nafasi inayopotea bure. Kamati ikapitisha, nusu kwa kuelewa, nusu kwa kuwa chai ilikuwa inapoa.

Timazi akatengeneza kipimo. Kilikuwa fito mbili za mbao zilizopigiliwa kwa pembe, zikizunguka kwenye kigingi katikati ya uwanja. Ufito mmoja ulilazwa juu ya kigae cha mwisho, wa pili ukaonyesha upande wa kigae kinachofuata, na kamba yenye mafundo ikatoa umbali. Ila pembe aliyoikata ilikuwa mia na thelathini na tano. Hiyo aliipata bila karatasi: pembe mraba moja na nusu yake. Zile digrii mbili na nusu zilizobaki aliziona mambo ya darasani. Mtu asiyesamehe unywele ukutani alijisamehe hapa, kwa kuwa hata hakujua kwamba lilikuwa kosa.

Kwa siku nne majirani walimletea vipande, naye akatandika. Vigae vikajipanga kwenye mistari minane iliyonyooka kutoka katikati, kama spoki za baiskeli, na kati ya mistari kukawa na mapengo yaliyozidi kupanuka. Yeye akaona mistari imenyooka, roho ikatulia. Wapita njia wakasifu.

Mwalimu alikuwa anasahihisha mitihani, akafika siku ya tano. Akazunguka uwanja, akachuchumaa karibu na kipimo.

"Dada, hii pembe umeikata ngapi?"

"Mraba na nusu."

"Imepungua mbili na nusu."

"Mbili na nusu ni nini kwenye uwanja mzima?"

Akamweleza taratibu kwamba kila kigae kinarudia upungufu ule ule, na kufikia cha tisa umesharudi kwenye mstari wa cha kwanza. "Kosa la ukutani hukaa mahali pake," alisema. "Hili linazaa."

Timazi akaendelea kukoroga saruji. Kisha akasema kwamba yeye aliishia darasa la sita, kama mwalimu anakumbuka. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo hilo.

Mdogo wake hakujitetea. "Nakumbuka kila nikiingia darasani," alisema. "Ukitaka ibaki hivi, ibaki. Ukitaka kubomoa, tutabomoa sote."

Jioni ile Timazi alikaa mlangoni kwake na kile kichwa cha alizeti, akahesabu mizunguko huku akitia alama kwa chaki. Upande mmoja thelathini na nne, upande wa pili hamsini na tano. Akarudia mara tatu, hesabu ikawa ile ile. Halafu akatafuta mstari mmoja tu ulionyooka kutoka katikati hadi ukingoni. Hakuupata.

Asubuhi alimkuta mwalimu uwanjani na nyundo mkononi, hajui aanzie wapi. Waling'oa vigae tisini na sita. Mwalimu alivunja vingi kuliko alivyookoa, akapigwa marufuku kushika patasi, akapewa ndoo. Mzee mmoja aliyekuwa ametoa sahani zake za harusi alikasirika, akadai arudishiwe. Akarudishiwa. Akaviangalia vile vipande mkononi, kisha akavirudisha kwenye rundo.

Kipimo kipya walikikata pamoja, mmoja akipiga hesabu, mwingine akishika msumeno. Safari hii kigae cha tisa hakikurudi kwenye mstari wa kwanza, kikakaa pembeni yake. Walipofika mia, mizunguko ilikuwa imejitokeza yenyewe bila mtu kuichora, na waliokuwa wakibeba vipande wakasimama kutazama.

Kazi ilichukua wiki saba na vigae mia nne na kumi. Sasa wagonjwa wakisubiri zamu huhesabu mizunguko na kubishana, na nesi analalamika kwamba kelele zimezidi. Shule ya jirani imeomba ukuta wake nao upambwe. Timazi alikubali kwa sharti moja, kwamba vipimo apige mwalimu. Habari ya darasa la sita haikurudiwa tena.

Ukimsifia ule uwanja, atakupeleka hadi kwenye kigae kimoja cha bluu upande wa mlango. Anasema kimezama kidogo, kinashika maji.