Binti yangu alivyogoma kumeza dawa ya sikoseli

Wakuu, nawasalimu kutoka Koboko. Hapa siongezi chumvi, maana mke wangu naye ni member na ataniumbua.

Mimi ni clearing agent pale mpakani Oraba. Binti yangu Zubeda, darasa la tano, ana sikoseli. Karithi kwetu wote wawili. Wakati wa posa wazee walikagua ukoo, dini na mbuzi. Damu hakuna aliyeiulizia.

Daktari akamwanzishia hydroxyurea, capsule ya kila siku, haina likizo. Akameza vizuri. Maumivu yakapungua, mwili ukarudi, akaanza kukimbia na kutukana wenzake kama mtoto yeyote mwenye afya.

Hapo ndipo akagoma.

"Baba, mimi si mugonjwa. Mutu muzima anakunywa dawa ya nini?"

Nabishana na watu wa customs kila siku, lakini huyu sikubishana naye. Nikatumia ubaba: meza!

Kumbe anaificha shavuni, anaenda kuitema chooni. Shuleni walikuwa wanamwambia ni dawa ya UKIMWI.

Tulijua siku maumivu yalipomshika miguuni. Alilia hadi sauti ikakauka. Tukamkimbiza hospitali Arua, njia nzima kang'ang'ania shati langu. Wakuu, siku hiyo sikuwa na utani. Nilidhani namzika.

Wakamtundikia drip, wakampa dawa ya maumivu, akatulia. Ndipo akakiri.

Kitanda cha jirani alilala binti wa sekondari kutoka Kuluba, naye sikoseli, mdomo kama wembe. Akamgeukia Zubeda.

"Unatema? Mimi zamani nilikuwa nalala hapa kila mara. Sasa ni mara moja moja. Unameza ukiwa muzima, ndio ubaki muzima."

"Na wakisema iko ya UKIMWI?"

"Waambie wakuje mugawane."

Mimi na daktari tulihubiri miezi. Huyu kamaliza kwa dakika.

Aliporudi shule, mmoja akaanza tena. Mwalimu anasema Zubeda alisimama, akaeleza darasa zima jinsi damu yake inavyojikunja kama mundu, kisha akauliza nani ana swali la kijinga.

Sasa anameza kila asubuhi, kakunja uso. Juzi nikampigia makofi.

"Baba, wacha. Hii kitu siipendi. Nataka tu kucheza."

Nilichojifunza: mtoto halazimiki kuipenda dawa. Aichukie, aitukane, ila ishuke tumboni.

Wenye watoto wa hivi, wenu wanagomaje? Na nyie wa "mpe mizizi", PM yangu imefungwa.