Mkunga Ananyamaza

"Huyo daktari hata ukimpelekea kikohozi atakupasua tumbo," mke wangu Wilkista alinifokea nilipotaja hospitali. "Maxine atazalia hapa nyumbani."  Mkunga aliweka mikono kwapani ipate joto, vile hufanya kabla aguse mama yeyote. Ni mikono ya kuchuma majani chai, vidole vyeusi, na hupita kwa tumbo haraka huku akisimulia ng'ombe yake mkorofi, mpaka aseme, "Kichwa iko chini." Leo ilipita kwa binti yetu Maxine mara tatu, na hadithi ya ng'ombe ikakatika katikati. Nilijua nimeshinda ubishi, na nikaomba nishindwe. "Shosho, kichwa iko wapi?" Wilkista alimuuliza mkunga polepole. Mkunga akavaa gambuti, akaacha chai yake ikitoa mvuke, akapanda kilima mbiombio kuelekea barabarani kutafuta gari.