Giza Analolitafuta Mama Vioo

Asubuhi, kabla watafiti hawajafika, Mama Vioo anafunga pazia jeusi, anazima taa na kuwasha tochi ya mwanga wa zambarau. Anaipitisha juu ya chupa alizoosha. Hakuna kinachong'aa.

"Giza," anasema, akitabasamu. "Hapo nimemaliza."

Kazi yake ni kuosha vyombo vya maabara. Watafiti hutengeneza humo chembe ndogo mno, ambazo hushikamana na seli za saratani na kuwaka zikipigwa mwanga huo. Kioo kikiwa na uchafu unaong'aa, nuru ya uongo itadhaniwa ugonjwa.

Hilo alilijua kwa aibu. Alipoanza kazi, aliona sabuni ya maabara haitoi povu, akaleta yake ya unga, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Pazia lilipofungwa, chupa zote zikawaka buluu, pamoja na koti lake jeupe alilolifua kwa sabuni hiyo.

"Mama Vioo, leo unaolewa?" mtafiti mkuu alimtania, wenzake wakishika mbavu.

"Nilitamani ardhi inimeze," anakumbuka.

Mdogo wake alifariki kwa saratani ya titi. Kipande cha kwanza cha nyama alichokatwa kilisomwa kuwa safi. Kabla hajafa, aliridhia kitumike katika utafiti.

Wiki iliyopita kilitiwa zile chembe na kuwekwa chini ya darubini. Mama Vioo alikuwa ameomba aitwe.

"Njoo, dada, tazama," mtafiti mkuu alimwita.

Ukingoni mwa lile giza aliona vitone vichache vyekundu, vimetulia tuli.

"Si sabuni?" aliuliza.

"Si sabuni. Kioo kitupu tumekipima, ni giza. Ndio ugonjwa wenyewe."

Hakuondoa jicho upesi. "Kumbe ulikuwa umejificha hapa," alinong'ona. Sasa anaongeza, "Vilikuwa vizuri, Mungu anisamehe. Vizuri ajabu."

Mtafiti anatahadharisha kuwa kipande kimoja hakithibitishi kitu. Hospitalini kipimo hicho bado hakijafika.

Nyumbani yuko binti wa marehemu, anayeogopa kupimwa. "Mama mkubwa, niache nilale kwa amani," husema kila mara. Juzi, baada ya kusimuliwa vile vitone, aliuliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.

"Jumatatu nampeleka, kwa vipimo vilivyopo," anasema Mama Vioo, akirudisha kwenye karai chupa moja yenye doa shingoni. "Hiki chetu kikiruhusiwa, kioo cha kumpimia nitakiosha mimi. Kikiwa giza, nijue ni giza kweli."