Babu na Nyuki

Jirani yangu mwandishi huzigombeza sentensi zake. Kila asubuhi namsikia kupitia ukuta: "Wewe umenenepa mno, hebu jikondeshe!" Mwanzoni nilidhani ana mgeni. Penseli huichomeka kwenye nywele, akaitafuta nyumba nzima, akichoka huchomeka nyingine. Anaandika habari za wadudu, miti, na jamaa zake waliokufa, maana hao, anasema, hawabishi.

Jumapili aliniita nisikilize hadithi ya babu yake, aliyesimama kama mlingoti mbele ya kundi la nyuki ili kumkinga binti yake mdogo. Binti mwenyewe, shangazi wa jirani yangu, sasa ana miaka themanini, naye alikuwa kando yetu akichambua mboga. Jirani alisoma kwa sauti ya kutetemeka, machozi yakanilengalenga. Shangazi akaangua kicheko, mboga zikamwagika.

"Baba yangu? Alitimua mbio, akajifungia ndani! Mimi nikabaki nje nagonga mlango!"

Jirani aliishusha karatasi. "Shangazi, si wewe uliyeniambia alikukinga?"

"Nilipokuambia, baba alikuwa hai bado. Aliniomba nimfichie aibu, nami nikamfichia."

Jirani aliichana karatasi, akashika nyingine. "Rudia hapo pa mlango. Polepole."

Shangazi alirudia yote, mpaka masikio yake yalivyovimba kwa kuumwa na nyuki. Kisha akashusha sauti. "Ila usiandike kwamba aliponifungulia alikuwa analia. Hilo ni langu na baba."

"Siandiki, Shangazi," jirani alijibu kwa adabu zote, huku mkono wake ukiandika.