Foleni ya Bidoni

Mkurugenzi wetu aliongoza kambi kwa simu, kutoka ofisini kwake karibu na ziwa. Mimi nilikuwa mkubwa wa wagawa maji, kule juu barabara ya Kibumba. Maana yake amri zake zilipitia kwangu, na matusi aliyostahili yeye yaliishia kwangu. Kambi ilijaa watu waliokimbia vita, na ardhi yenyewe ni mawe ya volkano, huchimbi kisima. Maji yaliletwa na lori mara moja kwa siku, na wa mwisho kwenye foleni mara nyingi waliyakosa. Dereva naye alikuwa na sharti lake: akiona ugomvi, anageuza.

Siku moja mkurugenzi akaja mwenyewe. Akakuta bidoni, yale madumu ya njano ya maji, zimejipanga mpaka nyuma ya hema la kanisa, na kando yake watu wachache tu. Kwetu bidoni ndiyo inayopanga foleni. Mwenye nayo ameenda kutafuta kuni au kulima shamba la mtu. Hata mjini, mtaa wa Mabanga, bomba likikauka, ni hivyo hivyo. Lakini bwana huyu hajawahi kuteka maji maishani mwake.

"Zote zenye haziko na mwenye, mutoe," akaniambia.

"Shefu, benye bidoni batarudia. Lori iko njiani."

"Papa, ni amri."

Walinzi wakazitupa zote lundo moja. Mkurugenzi akatazama, akaridhika, akapanda gari kwenda mkutanoni. Aliniachia balaa lake kama kawaida. Nilimchukia, na niliogopa. Watu wangerudi, kila mmoja angedai alikuwa mbele, ngumi zingerushwa, lori lingegeuza na watoto wangelala na kiu.

Wakarudi, wengi wao akina mama. Wakalitazama lile lundo, wakanitazama na mimi. Kisha mama mmoja akavuta bidoni yake.

"Yangu ilikuwa nyuma ya ya huyu."

"Na mimi nyuma yako."

Basi ikawa hivyo. Kila mmoja alimkumbuka wa mbele yake na wa nyuma yake, hakuna zaidi. Watu wa Rutshuru, watu wa Masisi, ambao hawakujuana kabla ya kukimbia. Foleni ikarudi yote mbele ya macho yangu, nami nimesimama mdomo wazi. Simu ikalia mfukoni, alikuwa mkurugenzi. Nikaiacha ilie.

Ikabaki bidoni moja ndogo isiyo na mtu. Nikaibeba kuipeleka mwisho.

"Hapana, papa shefu," akasema mama mmoja katikati ya foleni. "Iko ya ule mama alizaa leo asubui. Iko hapa, mbele yangu."

Akarudi nyuma kidogo kuipa nafasi. Wa nyuma yake akarudi, na wa nyuma yake tena, mpaka bibi wa mwisho kabisa, ambaye alijua vizuri maji huenda yasimfikie. Lori lilikuwa limeshaingia getini. Naye akainama, akaivuta bidoni yake nyuma.