Mgeni Hunywa Kwanza, Ndipo Aonje

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonja chochote. Nilinusa chupa. Kiwanda chetu cha mvinyo wa ndizi kilikuwa kidogo, pembeni mwa mji wa Muleba, na Msimamizi wa Uchachushaji, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, aliniweka mbele ya lundo la chupa zilizokwisha kutumika akaniambia ninuse kila moja kabla ya kuiosha. "Iliyowahi kubeba mafuta ya taa usihangaike nayo," alisema. "Hata ukiichemsha, mvinyo utakusema." Jioni nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma, lakini nimejua kwamba nina pua. Pua hiyo imenilisha mpaka nimestaafu, na sitajitia unyenyekevu juu yake: pale kiwandani haikuwa na mpinzani.

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi hii mnakuta mitambo inayong'aa. Sisi tulijifunza kwa ulimi. Mvinyo wa ndizi si lubisi, pombe yetu ya asili, ingawa mama yao ni mmoja. Vyote viwili huanza na embile, ndizi za pombe, ambazo zikiiva na kukamuliwa hutoa juisi tamu iitwayo omuramba. Lubisi hutiwa mtama uliokaangwa, na kesho yake watu wanakunywa. Mvinyo hautaki haraka. Omuramba hutiwa hamira, hufungiwa pipani hewa isiingie, huachwa mpaka machicha yatulie chini, kisha huhamishiwa pipa jingine taratibu na kusubiriwa miezi. Ukiuharakisha unapata kitu cha kukwaruza koo, na mteja aliyeunywa humwoni tena.

Kuonja kwenyewe kuna adabu yake. Unanusa, unaushika mdomoni, unauzungusha, kisha unautema kwenye ndoo ili kichwa kibaki chako mpaka jioni. Kutema kulinishinda kwa muda mrefu. Kwetu Buhembe mtu akitema ulichompa, mmegombana. Mume wangu, mzee wa kanisa la Kilutheri ambaye kazi yangu ilikuwa inampa shida ya kuieleza kwa wenzake, alifurahi kweli aliposikia kwamba natema. Jumapili ile aliwatangazia wazee wote.

Baada ya miaka kadhaa ya mapipa nilihamishiwa Bukoba, kwenye chumba cha kuonjea pale Kibeta, chini ya Mama Meneja. Huyu alikuwa mwanamke mrefu kutoka upande wa Kamachumu, msomi wa mambo ya vyakula, mkali lakini wa haki. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga glasi: tano ndogo mbele ya kila mgeni, kila moja mvinyo wa vidole viwili tu, kuanzia ule mkavu, yaani ambao hamira imekula sukari yote, mpaka ule mtamu. Vitambaa vyeupe mezani, glasi za mguu, na mimi nimesimama nikieleza. Wateja wetu walikuwa watalii, watu wa maofisini, na Wahaya wanaorudi nyumbani Krismasi wakitaka kuwaonyesha wenzao wa Dar kwamba na sisi tupo. Niliipenda kazi ile mno. Nilikuwa nikiingia pale najiona kama mwalimu mkuu.

Ndipo ikaja habari mbaya. Sehemu kubwa ya embile zetu ilitoka kijiji kimoja cha Muleba, na wakulima wake walikuwa wamempata mnunuzi mwingine. Bei haikuwa kisa. Walisema wanakata mikungu, wanapakia, na hawajawahi kuona mlango wa mahali inakokwenda. Walisikia tu kwamba kuna chumba Kibeta cha wazungu na watu wa tai. Mama Meneja alituita akatuambia bila kuficha kwamba wakulima wale wakiondoka, kiwanda kitafungwa. Tulikuwa wanawake wengi tunaosomesha watoto kwa kazi ile. Binti yangu alikuwa chuoni mwaka wa kwanza. Niliogopa, nasema kweli.

Mama Meneja akaamua kuwaalika Kibeta waonje. Tuliandaa chumba kama tunavyowaandalia wageni wa heshima, maana tuliona hiyo ndiyo heshima kubwa tuliyokuwa nayo. Walikuja wamevaa kama watu waendao harusini, makoti na kofia, wakakaa kwenye ncha za viti. Mbele yao alikaa Mwenyekiti wao, mzee Mkatoliki mwenye sauti ya chini. Nikamimina, nikaeleza mkavu ni upi na mtamu ni upi. Hakuna aliyegusa. Mwenyekiti aliinua glasi moja, akautazama mvinyo dhidi ya dirisha, akairudisha mezani.

"Waitu, wazee wetu, hamtaonja?" niliuliza.

"Mwanangu," alinijibu, "anayeonja ni mtu aliyekwisha kukaribishwa. Sisi hatujanywa bado."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kila aliyekuwamo mle, mimi na Mama Meneja tukiwemo, alikuwa amelelewa akijua jinsi mgeni anavyopokewa. Mwenyeji hujaza kibuyu, hunywa funda la kwanza ili ionekane kinywaji ni safi, kisha humpa mgeni kwa mikono miwili, na kibuyu huwa kimejaa. Mvinyo wa vidole viwili ni kipimo cha dawa ya kikohozi. Tena tulitaka watoe hukumu, hiki kikoje, kile kikoje, kabla hatujawaambia karibu. Watalii hawakuwahi kulalamika kwa sababu watalii walikuja kuonja. Hawa walikuja kwa ndugu zao.

Nilimtazama Mama Meneja. Alivua viatu vyake virefu, akaenda kwenye rafu, akachukua kibuyu tulichokuwa tukiwanyweshea lubisi wageni waliopenda mambo ya asili, akanishikia nikijaze. Nilichagua mvinyo wa katikati, usio mkavu wala mtamu, nikamimina mpaka juu. Akanywa funda moja, akapiga magoti mbele ya Mwenyekiti, akampa kwa mikono miwili. "Karibuni nyumbani, baba zetu," alisema. "Tumechelewa kuwaambia."

Mzee alikunywa kwa raha zake. Kibuyu kikapita kwa wote, kikarudi kikiwa kitupu, nikakijaza tena. Wakaegemea viti. Kisha Mwenyekiti akavuta zile glasi tano karibu yake akasema haya, sasa tuulizeni. Na hapo ndipo nilipoona kuonja kwa kweli. Walibishana, walichekana, mmoja akauita mvinyo mkavu mvinyo wa Kwaresima na wenzake wakakubali kwamba jina limepatikana. Ndoo ya kutemea niliisukuma kwa mguu chini ya meza.

Lakini walipoondoka hawakutupa jibu. Walisema watazungumza nyumbani. Siku ya kupokea ndizi niliomba ruhusa nikaenda Muleba, kwa sababu nisingeweza kusimama Kibeta nikimimina huku sijui. Asubuhi ikapita. Msimamizi wa Uchachushaji alikuwa akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mchana Fuso likaingia, limejaa embile mpaka juu ya mbao, na mbele, karibu na dereva, walikuwapo Mwenyekiti na mkewe. Alimshusha kwa kumshika mkono.

"Hizi ndizi mimi nauza tu," alituambia. "Anayezilima ni huyu. Juzi nilikunywa bila yeye na nyumbani sikusifiwa. Mpeni naye."

Mama yule tulimpa glasi iliyojaa, na mimi nikatangulia kunywa funda. Alikunywa polepole, macho chini. Kisha akasema, "Kumbe zinafika hapa." Nililia mbele ya watu na sikuona haya.

Kutokana na siku hiyo niliomba tufungue chumba cha pili, na Mama Meneja akanipa nikiongoze. Tulikifungua Hamugembe, katikati ya nyumba na migomba, ambako mtu anafika kwa miguu. Niliweka mabenchi yenye migongo. Bei tuliandika ukutani, mlangoni kabisa, ili mtu asikae kisha akaanza kutoka jasho. Tuliuza hata nusu glasi. Palikuwa na samaki wa kukaanga, panzi wale wa senene msimu wao ukifika, na omuramba kwa wasiokunywa, maana katika kundi lolote la Bukoba utamkuta Mlutheri aliyemsindikiza mwenzake.

Hadi leo watu hunifuata Buhembe wakiniuliza wapeleke wapi wageni wao, mahali pasipo na makuu na pasipoumiza mfuko. Siwajibu kwa majina, vyumba siku hizi ni vingi na hubadilika. Nawaambia watazame kile anachofanya mhudumu kabla ya kusema lolote kuhusu mvinyo. Akikupa kiti, akakusalimu, akauliza unapenda kunywa vipi nyumbani kwako, kaa. Akianza kukusahihisha jinsi ya kushika glasi, mshukuru utoke. Na ukitaka kuondoka bila kununua chupa, uso wake ukabaki ule ule, basi hapo mpeleke hata mkweo.

Nimestaafu na cheti kizuri kiko ukutani sebuleni, mume wangu alikitundika mwenyewe. Wapo wanaonionea huruma kwamba nimezeekea kuwamiminia watu vinywaji. Wasijisumbue. Najivunia kazi yangu, na ningezaliwa mara ya pili ningerudi kunusa chupa.

Mwenyekiti ameshafariki. Mkewe bado analima, na akija mjini sokoni hupita Hamugembe, hukaa benchi la karibu na mlango, hujilipia nusu glasi yake. Juzi nilikuwa nimekaa naye wageni walipoingia, watu wa mbali, wakaonja, wakaanza kuusifu mvinyo kwa sauti. Mhudumu alifungua kinywa kuwashukuru. Mama yule alimtangulia.

"Asanteni," aliwaambia.