Mkuyu Juu ya Tuta

Masika haya hakuna chura aliyelia upande ule. Wanawake wa kijiji kimoja, mbele kidogo ya Usagara, hutoka alfajiri na ndoo kwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto, na wakifika palipokuwa na bwawa huongeza mwendo mpaka wapapite.

Kwa miaka kumi na tisa bwawa lile lilikuwa na mtu wake, Mhoja. Tuta la udongo lililozuia maji alilijua kama mgongo wa ng'ombe wake. Kila asubuhi alilitembea mwanzo hadi mwisho, akaziba mashimo ya panya, akafukuza mifugo, akang'oa kila mche uliothubutu kuota, kwa kuwa mizizi hulipasua tuta na kuyapa maji njia.

Mche mmoja tu aliuacha. Mkewe, Modesta, alikuwa akimletea uji, na siku moja alichomeka tawi la mkuyu pale tutani ili mumewe apate pa kutundika koti. Tawi likachipua. Kabla ya mavuno Modesta akafa, kwa homa ya siku nne.

“Baba Gladness,” Dorotea, rafiki wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya maji, alimtania, “ng'ombe wangu akikanyaga tuta unamrushia mawe. Huo mkuyu umepewa uraia na nani?”

“Ni wa mama Gladness.”

“Najua. Na angekuwepo angekuchapa na mwiko. Kwani yeye hakuwa anateka hapa hapa?”

Mhoja akacheka, akageuza uso.

Mti ulipotimiza miaka kumi, fundi wa maji alikuja kukagua. Akamwambia aukate, achimbue mizizi yote, kisha ashindilie udongo upya. Mhoja aliukata peke yake. Lakini alipopiga jembe la kwanza kwenye shina, mikono ikamkatalia. Kaburi la Modesta alilichimba yeye, na hakuweza kuchimba tena. Akakimwagia kisiki mafuta ya taa kisichipue, akakifukia, akamwambia Dorotea kazi imekwisha.

Chini ya udongo mizizi ikaoza polepole, ikaacha matundu. Masika ya mwaka jana Mhoja aliona maji ya tope yakichuruzika chini ya tuta. Akapiga yowe, watu wakakimbia na mifugo yao. Kufika saa sita mchana tuta lilikuwa limebomoka pale pale, na bwawa lote likaenda.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama kabla hajaulizwa.

“Niliwadanganya. Sikuung'oa.”

Hakuna aliyemtukana, afadhali wangemtukana. Dorotea ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini:

“Ungeniita, shemeji. Ningelia na wewe, halafu tungechimba.”

Tuta halijajengwa upya. Mhoja anakaa mjini, Igogo, kwa binti yake Gladness, na analinda ghala la mbao.